Sura Iliyomshinda Bwana Risasi

Mhariri alikuwa akilia, na mwandishi alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Samahani," mhariri, mama mtu mzima, alisema, akijipangusa kwa kitambaa. "Miaka yote hii nahariri vitabu vyako, sijawahi kutoa chozi. Jasho, ndiyo. Leo umeniweza, Bwana Risasi."

Ofisi nzima ilimwita hivyo, kwa sababu katika kila kitabu chake risasi ya kwanza ililia kwenye sura ya tatu. Hata alipokuwa akiiandika aliitamka kwa mdomo, peke yake mezani: pa, pa, pa! Sura ya tano busu, ya tisa gari kuwaka moto, ya mwisho rafiki kipenzi kugeuka nyoka. Wasomaji walijua, naye alijua kuwa wanajua, na vitabu viliisha madukani kabla havijashika vumbi.

Hiki kipya kilihusu akili mnemba. Mashine ya hospitali inapewa mamlaka ya kuamua nani apate kitanda na nani arudishwe nyumbani. Inamrudisha mtoto wa mama mjane, mtoto anakufa, na mwanajeshi mstaafu anaapa kuizima. Ukurasa wa kwanza ulibeba kiapo kwa herufi nene: kitabu hiki kimeandikwa kwa mkono wa binadamu. Redioni mwandishi alijipiga kifua na kusema kwamba mtu anayeandikiwa na mashine hana tofauti na bwana harusi anayemtuma jirani fungateni.

"Sura iliyoniliza ni ya kumi na mbili," mhariri aliendelea. "Mama anarudi nyumbani kutoka kuzika."

Katika sura zote, akaichagua hiyo.

Watu aliwaua kwa mafungu bila kalamu kutetereka, lakini sura ile ilimshinda. Kila alipoandika neno "jeneza" aliinuka kwenda kunywa maji. Mwishowe, siku ya kukabidhi kazi ikiwa imemkaba koo, alijifungia chooni na simu, akaiomba mashine imwandikie. Ilimaliza kabla yeye hajamaliza kupiga chafya. Akainakili kwa kalamu yake, neno kwa neno, ili mkewe asijue.

Mkewe ndiye aliyemchapia vitabu vyote. Yeye aliandika kwa mkono, mkewe akachapa kwenye kompyuta, kazi ikatumwa. Hakurudia kuisoma. "Simba hanusi nyayo zake," alipenda kusema.

Safari hii mkewe alizitazama zile karatasi kwa muda mrefu.

"Mume wangu, hii umeiandika wewe?"

"Kwani huo mwandiko ni wa nani?"

Mkewe alizikusanya. Alikwenda kwenye chumba kidogo, kile kisichotumika tena, akazikandamiza karatasi kwa kiatu cha mtoto cha njano ili upepo wa dirishani usizipeperushe, akafunga mlango. Zilikuwa kurasa chache tu, lakini kazi ilimchukua hadi kesho yake, akatoka macho yamevimba. Kompyuta hizi zinaumiza macho, mwandishi alijiambia.

"Siku hizi tuna sheria mpya hapa," mhariri alisema, akimgeuzia kioo cha kompyuta. "Kila mswada tunaupitisha kwenye mashine ya kukagua. Palipoandikwa na mashine mwenzake, inapaka rangi nyekundu."

Masikio ya mwandishi yakawaka moto. "Mama, ngoja nikueleze..."

"Wewe ndiye ungoje. Tazama." Alipitisha kurasa. Risasi zote zilikuwa nyekundu. Gari lilikuwa jekundu kabla hata ya kuwaka. "Hata busu, jamani!" Mhariri akacheka. "Usinune. Najua umeziandika mwenyewe, maana ndivyo ulivyoandika tangu mashine hizi hazijazaliwa. Sasa iangalie ya kumi na mbili."

Ilikuwa nyeupe kama sanda.

Mwandishi hakujua acheke au atoroke. Alichokitolea jasho kimeitwa cha mashine. Alichokiiba chooni kimeitwa cha mtu. Sema, alijiambia. Sema sasa hivi, ungali na uso wa kusemea. Lakini aliishia kuitikia kwa kichwa, kama mtu anayestahili sifa.

"Tutaitangaza kwa sura hii," mhariri alisema. "Kuna kosa moja tu. Sura ya pili umetuambia mama ni mjane, lakini katika hii ana mume. Huyo mume usimguse. Futa ule ujane."

"Mume?"

Mwandishi hakukumbuka kunakili mume yeyote.

"Ndiyo, mume. Siku ya uzinduzi utaisoma mbele za watu, kwa hiyo anza mazoezi. Nisomee mwisho wake, mwanangu. Polepole."

Mwandishi akausogeza uso karibu na kioo, akaanza kusoma kwa sauti yake ile ya redioni.

"Tulirudi na kiatu kimoja cha njano. Cha pili kilibaki chini ya kitanda cha hospitali, na hakuna kati yetu aliyekuwa na moyo wa kukirudia."

Sauti ilikatika. Mhariri akadhani ni ufundi, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Endelea."

Akaendelea, sasa kwa kunong'ona.

"Niliingia chumba chake kidogo, nikakaa sakafuni, nikamsubiri mume wangu aje akae nami. Upande wa pili wa ukuta nilimsikia mezani: pa, pa, pa. Alikuwa amefika sura ya tatu. Sikutaka kumkatiza."