Skrubu za Mama Mkwe

Sheria inataka marehemu ambaye akili yake imehifadhiwa kwenye diski ahamishiwe kwenye kasha jipya la kompyuta kila mwaka, akiwa macho na anaongea, na kazi hiyo ni ya mke wa mwanawe. Siwema alikaa sakafuni jikoni, bisibisi mkononi, akaipachika diski ya mama mkwe mahali pake.

"Diski inataka skrubu fupi," mama mkwe alisema kupitia spika. "Au na hilo limekushinda, kama kuzaa?"

Siwema aliirudisha ile fupi kwenye kibakuli, akachukua ndefu ya feni.

"Hiyo itanitoboa, mwanangu."

Miaka saba ya ndoa, na leo ndiyo kwanza anaitwa mwanangu. Akaanza kukaza.

"Mama anasemaje?" mumewe aliuliza kutoka sebuleni.

"Anasema nikaze zaidi."