Picha Safi ya Baba

Skrini ilizimika, ikawa nyeusi tii. Mtoto akapiga makofi.

"Usishangilie, mwanangu," alisema mama yake, vidole juu ya kibodi. "Hii ikigoma kuwaka, tumekwisha."

Kompyuta yao kuukuu iliendeshwa na mfumo wa Linux, na programu yake ya kuonyesha picha ilikuwa imechoka. Kila mumewe alipopiga simu ya video, alionekana vipande vipande, kama mtu anayeoga nyuma ya kioo chenye mvuke. Mtoto alikuwa na mwaka na nusu na hakuijua sura ya baba yake. Juzi alimwita "baba" muuza maji. Jana, fundi bomba.

Mumewe hakuona haja ya kuiboresha.

"Si unanisikia?" alisema asubuhi. "Ukiichokonoa utaiua, halafu tutaonana vipi? Huku mgodini ni siku mbili kwa basi. Siwezi kuja kukutengenezea."

"Sichokonoi. Naweka toleo jipya."

"Haya, mhandisi wa masomo ya jioni. Kaanue nguo basi, mvua hiyo."

Alitoka mbio. Matone ya kwanza ndiyo kwanza yalikuwa yakianguka. Alianua huku akitabasamu peke yake: mtu yuko mbali kote huko, lakini hali ya hewa ya kwao anaifuatilia kwenye simu.

Sasa alikuwa ameketi kwenye meza ya dirishani, mtoto mapajani, daftari la darasani wazi mbele yake. Ondoa la zamani. Weka jipya. Washa upya. Alikuwa amefuata kila amri, herufi kwa herufi.

Mistari myeupe ikaanza kupanda. Kisha skrini ikafunguka, safi, rangi zake kama zimeoshwa.

Simu ya video ikaita.

"Umeshaiua?" mumewe aliuliza.

"Bado inapumua," alimtania. Hakumwambia zaidi, alitaka mtoto amwone kwanza. Na alionekana kweli: ndevu, kovu la kidevuni, hata kifungo kilicholegea.

"Mpungie baba," alimnong'oneza mtoto.

Nyuma ya bega la mumewe, pale palipokuwa na doa jeupe siku zote, palikuwa na dirisha. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na dirisha jingine, na ndani yake mwanamke amempakata mtoto mbele ya kompyuta na daftari lililo wazi.

Mtoto akapunga mkono.

Yule wa ng'ambo naye akapunga.