Besi ya Vidole Vitatu

Shingo ya gitaa Yakubu aliichonga kwa mti wa muninga, nyembamba kuliko desturi, akiipima kila jioni kwenye mkono wa mdogo wake. Mgodi wa bati ulikuwa umeukata mkono huo vidole viwili, na tangu siku hiyo mdogo hakupiga tena muziki.

Besi hiyo, gitaa la sauti nzito, ilikuwa ya umeme, na umeme wa kuijaribia ulikuwa nyumbani kwa bwana mkubwa, Mzungu wa serikali ya kikoloni. Wakaunganisha waya na redio yake. Mdogo akabonyeza, akapiga. Vikombe vikatetemeka kabatini. Mpishi wa bwana, aliyesimama mlangoni, akafuta macho.

"Kaka, inaniitikia," mdogo akasema.

Bwana mkubwa akalipapasa gitaa mgongoni. "Kazi muzuri. Itaenda Ulaya, kwenye maonyesho ya vinyago."

"Bwana, hii si kinyago. Ni gitaa ya ndugu yangu. Ingine ya kuenea mukono wake haiko."

"Toa nyuzi. Kule wanataka kuona mambo ya washenzi, hawataki waya."

Mpishi akamletea mdogo maji, akamshikia kikombe. Vile vidole vitatu vilikuwa bado vinabonyeza paja.

Yakubu akalegeza uzi wa kwanza.