Sato na Mgeni wa Maua

Zamani, samaki walipokuwa wakigombana na majirani, Sato aliishi ghuba moja na Kiboko. Sato alikuwa mama mpenda usafi. Wanawe aliwalea kinywani, kama ilivyo desturi ya ukoo wake, na kila Kiboko alipotibua tope, aliwatema upesi ili apate kugomba.

"Baba Kiboko, huna haya? Watoto wanakula matope!"

Kiboko alichoka kusimangwa, akahamia ng'ambo. Hata huko, sauti ya Sato ilimfikia.

Mara likaja Gugumaji likielea, limejipamba maua ya zambarau.

"Karibu, mgeni," alisema Sato. "Wewe ni mpole, na kivuli unacho."

Gugumaji likazaa, na wanawe wakazaa. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini Sato hakuwa na jembe wala mkono wa kulishika. Ghuba ikafunikwa gubigubi. Maji yakalala, yakanuka, pumzi ikawa haba. Sato alitaka kupiga yowe, ila kinywa kilijaa watoto, na akiwatema gizani atawapoteza.

Ng'ambo, Kiboko akatega sikio. Kimya.

"Sato hagombi? Kuna jambo."

Akarudi mbio, akaingia na kitambi chake chote, akayapasua yale magugu. Jua likateremka, hewa ikapita, na tope likatimka kama zamani.

"Samahani, mama," alisema Kiboko. "Nimewachafulia tena."

Sato akafungua kinywa. Watoto wakamwagika nje, wakacheza humo humo topeni.

"Ahsante, baba," alisema. "Chafua. Chafua tu."