Madaftari Kumi na Tisa

Ukurasa wa kwanza Lenah aliutia kwenye moto wa jiko bila kuusoma tena. Ephantus, mtoto wa miaka kumi na mmoja, alikuwa ameandika habari za fisi aliyekalia kiti cha simba na kuwaamuru wanyama wote wapige makofi. Ilikuwa hadithi bora kuliko zote tangu Lenah aanzishe chama cha watoto waandishi pale mtaa wa Kawangware 46. Iliwaka upesi.

Akapekua daftari la pili, la tatu, mpaka la kumi na tisa. Mfalme alitoka. Mwanajeshi alitoka. Hata jogoo mmoja aliyewika vibaya alitoka, maana huwezi kujua.

Ilikuwa Oktoba, 1982. Mwezi wa Agosti wanajeshi walikuwa wamejaribu kuipindua serikali wakashindwa, na tangu hapo mtaani karatasi iliyoandikwa kwa mkono iliogopwa kuliko nyoka.

"Watu wanachukuliwa juu ya karatasi, mwalimu, na wewe unafundisha watoto kuzijaza?" Gerishon, mwenye ploti ya vyumba vya kupanga alimofundishia, alikuwa amemwambia Jumapili, Biblia ingali kwapani. "Kwa chumba changu?"

"Ni watoto, Baba Mumbi. Wanaandika mambo ya kuku na paka."

"Basi chifu aandike kwamba ni kuku na paka, apige mhuri. Ijumaa nisipoona mhuri naweka kufuli. Na hiyo si kufuli ya kuombewa."

Lenah alikuwa amemzika binti yake Sella mwezi wa Machi. Tangu hapo, siku sita za juma alizivuka tu ili aifikie Jumamosi, watoto kumi na tisa wakiwa wamebanana kwenye mabenchi, ndimi nje, penseli zikikwaruza. Akiondolewa Jumamosi, hakujua angeamka kwa ajili ya nini.

Jumanne alimpelekea chifu madaftari yote ndani ya kiondo.

"Mnaandika siasa?"

"Hapana, bwana chifu. Nyumbani kwao tu. Nawafundisha kuangalia. Mtoto akiniambia nyumba yetu ni nzuri, namrudisha. Ahesabu hatua, ataje rangi, anuse. Msomaji akifunga macho awe ameshafika kwao."

Chifu alilipima lile rundo kwa kiganja. "Acha hapa. Nitasoma mwenyewe. Na nikikuta mstari mmoja wa upuuzi, mwalimu, tutaongea lugha ingine."

Siku tatu Lenah hakuweza kumeza ugali. Alizirudia kurasa kichwani, moja moja, akitafuta fisi aliyemsahau. Jumatano, akiwa mferejini, alimkumbuka nyoka wa hadithi ya Wacera, aliyevaa kilemba na kudai zawadi. Je, alimtoa? Mtungi ulijaa, ukamwagika, wanawake nyuma yake wakaanza kumfokea.

"Mwalimu, unangojea maji yaandike insha?"

Akajitwika mtungi, akaondoka.

Ijumaa alimkuta chifu akicheka peke yake.

"Keti, mwalimu. Huyu Kavetsa ni wa nani?"

"Mama yake ni mjane, bwana chifu. Wanakaa kule chini karibu na mto. Amekosea nini?"

"Akosee nini! Sikia." Akasoma kwa sauti, kidole kikifuata maneno. "'Nyuma ya nyumba yetu kuna mipapai mitatu. Chini ya ule wa katikati udongo una joto hata wakati wa mvua, na paka wetu hulala hapo.' Ai! Paka hulala hapo! Mimi nilifika darasa la nane na hakuna mtu alinifundisha kuandika hivi."

"Kwa hivyo hakuna siasa?"

"Siasa gani? Huu ni ukweli mtupu." Akapuliza mhuri, akaugonga kwenye kibali mara mbili.

Lenah alikishika kibali kwa mikono miwili. "Na madaftari, bwana chifu?"

"Jumatatu. Kuna wenzangu pale kituoni nataka wasome pia."

Njiani alisimama kando ya ua wa mtu akalia. Tangu Machi, hayo yalikuwa machozi ya kwanza yasiyokuwa ya Sella. Gerishon alikigeuza kibali huku na huku, akakinusa wino, akasema haya, sawa, hajakataa elimu yeye.

Jumamosi chumba kilijaa kelele.

"Chifu alicheka wapi?" Kavetsa aliuliza.

"Kwa paka."

Kavetsa akaficha uso kwenye sweta. Wagaki, aliyekaa ploti moja na Lenah, milango ikitazamana, hakuridhika. "Yangu aliisoma yote, mwalimu, ama mwanzo tu? Ile tamu iko nyuma."

"Yote," Lenah alisema. "Na sasa askari pia wanazisoma."

Wakashangilia, wakagonga mabenchi mpaka vumbi likapanda. Hakuwanyamazisha.

Jumatatu saa moja asubuhi alisikia gari likisimama nje. Alitoka mbio, unga mikononi. Askari saba walikuwa wakishuka, kila mmoja na madaftari mawili au matatu. Lenah alijipangusa kwa kanga, akatabasamu, akanyoosha mikono ayapokee.

Askari wa mbele alimpita. Macho yalikuwa kwenye ukurasa, midomo ikihesabu hatua kutoka mlangoni kwa kina Wagaki. Kumi. Kumi na moja. Kumi na mbili. Akasimama, akakunja kona ya ukurasa asipoteze mahali, akawaita wenye majembe.

Kufikia saa tatu, mama tisa walikuwa wamekalishwa chini kando ya barabara, na mapipa ya pombe haramu yalikuwa bado yanachimbuliwa, kila moja pale pale mtoto alipoandika.