Mshipa Gani?

"Mishale sita, na yote sita umeandika mshipa!" Mwalimu Hiza aliubamiza mchoro wa mkono juu ya dawati la Bi Somoe. "Ateri, mshipa. Vena, mshipa. Neva, mshipa. Hata kano inayoshika mfupa, nayo mshipa!"

"Kwani si mishipa, mwalimu?" aliuliza Bi Somoe. Alikuwa amezalisha wanawake miaka thelathini kabla ya kuambiwa kwamba sasa ni lazima awe na cheti.

Darasa likacheka. Mwalimu akavua miwani, akajifuta jasho.

"Mama, narudia mara ya tatu leo! Ateri inatoa damu moyoni, vena inairudisha, neva inapeleka habari. Ukimchoma mgonjwa sindano pasipo mahali pake, utamwambia nini? Samahani, nilidhani ni mshipa?"

Akakunja mkono wa shati, akamnyooshea. "Haya, nionyeshe ateri. Ukikosa, mtihani huu basi tena."

Bi Somoe hakuutazama mchoro. Aliweka vidole vitatu chini ya kidole gumba cha mwalimu, akafumba macho.

"Hii hapa."

"Afadhali! Sasa niachie, nina watu arobaini wa kusahihisha."

Hakumwachia. Midomo yake ilihesabu kimyakimya, ikasita, ikahesabu, ikasita tena. Vicheko vikakoma.

"Mwalimu," alisema kwa sauti ya chini, "huu mshipa wako unaruka mapigo. Tangu lini?"

"Ateri," mwalimu alimsahihisha, lakini mkono hakuuvuta.