Asante kwa Mbuzi

Siku hizi anayejitolea halipwi, anashukuriwa. Bangili ya mkononi ndiyo inayoamua: ukimshukuru mtu kwa dhati inawaka kijani, ukimshukuru kwa mdomo tu inabaki nyeusi, naye ana haki ya kuondoka na kazi yake.

Mwanasha aliwasimamia vijana waliojitolea kutengeneza mchezo wa kompyuta wa mtaa wao. Siku hiyo Kibwana alimletea mbuzi aliyemchora. Mbuzi alikuwa na miguu mitano.

"Huo mmoja wa akiba, dada," Kibwana alisema.

Mwanasha alikuwa na ujanja wake. Alifumba macho, akamkumbuka mumewe, Shebe, akimbeba mama mkwe wake mgongoni siku ya mafuriko. "Asante, mdogo wangu." Bangili ikawaka. Mwaka mzima alikuwa akiwashukuru wote hivyo hivyo, kwa mgongo wa Shebe.

Jioni Shebe alimletea chai ya tangawizi, akasimama akisubiri.

"Asante, mume wangu."

Nyeusi.

"Hebu rudia, bibi wee. Au sukari haijakolea?" Alicheka, ila macho hayakubanduka kwenye bangili.

Mwanasha akafumba macho kuutafuta ule mgongo. Ulikuwa umefifia kama picha iliyofuliwa mfukoni mwa shati. Mahali pake alisimama mbuzi na mguu wake wa akiba, na Kibwana akichekelea. Kifua kikamjaa joto.

"Asante," akanong'ona.

Bangili ikawaka kijani kibichi.

"Haya! Hiyo ndiyo," Shebe akasema, akaketi karibu yake, roho imemsuuzika.